Kutenganisha zao la tensa na kukokotoa dimensheni: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Wanaoanza kusoma kategoria za tensa hukwama karibu wote mahali pamoja: wana vitu viwili, wamevizidisha, na sasa hawajui zao walilopata limeundwa na nini. Maswali yafuatayo ndiyo ninayoulizwa zaidi. Nimeyajibu kwa mifano unayoweza kuikokotoa kwa kalamu na karatasi, na nakusihi uikokotoe kweli, kwani somo hili haliingii kichwani kwa kusoma tu.

Kategoria ya tensa iliyo nusu-sahili ni kitu gani?

Ni mkusanyiko wa vitu, pamoja na mishale inayotoka kitu kimoja kwenda kingine, ambamo unaweza kujumlisha vitu (A ⊕ B) na kuvizidisha (A ⊗ B). Kimo kitu kinachoandikwa 1, ambacho ukikizidisha na kingine chochote, hicho kingine kinabaki vilevile. Kila kitu A kina mwenza wake, A*. Mishale yote ya kutoka A kwenda B hukusanywa katika nafasi ya vekta inayoandikwa Hom(A, B). Hapa tutafanya kazi juu ya namba changamano.

Kitu sahili ni kile kisichogawanyika tena. Kategoria ni nusu-sahili pale ambapo kila kitu ni jumla ya vitu sahili. Ikiwa 1 ni sahili na vitu sahili vyote vinahesabika hadi mwisho, tunaiita kategoria ya muungano. Mfano wa kwanza kabisa ni uwakilishi wa kundi (yaani kila memba wa kundi kuandikwa kama matriksi), kundi lenye memba wanaohesabika hadi mwisho, kama vile S₃, kundi la kupanga upya vitu vitatu.

Nikiambiwa "tenganisha A ⊗ B", jibu linatakiwa liweje?

Orodha ya namba nzima zisizo hasi. Kwa kila kitu sahili C unatakiwa useme kinajitokeza mara ngapi ndani ya A ⊗ B. Idadi hiyo tuiandike N(A,B;C). Lema ya Schur inasema kwamba kati ya vitu sahili viwili tofauti hakuna mshale zaidi ya sifuri, na kutoka kitu sahili kwenda chenyewe mishale yote ni mafungu ya mshale mmoja. Kwa hiyo N(A,B;C) ni dimensheni ya Hom(A ⊗ B, C), basi.

Ningependa ulishike hili kabla ya mengine yote: kutenganisha ni kuhesabu mishale. Dimensheni za vitu zinakuja baadaye, kama shahidi wa kuthibitisha kwamba hesabu yako ni sawa. Wengi huanza na shahidi wakaiacha kesi yenyewe.

Kuna hila moja inayookoa muda mwingi. Kitu kinaweza kuhamishwa upande wa pili wa mshale kikigeuzwa kuwa mwenza wake: Hom(A ⊗ B, C) na Hom(A, C ⊗ B*) zina ukubwa sawa. Ukiona zao moja ni gumu, hamisha kitu kimoja uone kama upande wa pili hesabu ni nyepesi. Kutokana na hili unapata bure kwamba 1 hujitokeza ndani ya A ⊗ B, A na B vikiwa sahili, pale tu ambapo B ni mwenza wa A, na hujitokeza mara moja tu.

Naomba mfano mmoja uliokamilika.

Tuchukue S₃. Lina memba 6 katika matabaka matatu: kitambulisho (1), mabadilishano ya vitu viwili (3), na mizunguko ya vitu vitatu (2). Uwakilishi sahili ni mitatu: 1, kisha ε unaotoa alama ya jumlisha au kutoa, na V wenye dimensheni 2. Karakta zake (jumla ya namba za mshazari mkuu wa matriksi inayowakilisha memba wa kila tabaka), kwa mpangilio huohuo wa matabaka, ni hizi:

1: (1, 1, 1)
ε: (1, −1, 1)
V: (2, 0, −1)

Karakta ya V ⊗ V hupatikana kwa kuzidisha karakta ya V yenyewe kwa yenyewe, tabaka kwa tabaka: (4, 0, 1). Sasa hesabu mishale. Zidisha karakta hiyo na ya kitu unachokitafuta, pima kila tabaka kwa idadi ya memba wake, kisha gawa kwa 6.

Kwa 1: (1·4·1 + 3·0·1 + 2·1·1)/6 = 6/6 = 1.
Kwa ε: (4 + 0 + 2)/6 = 1.
Kwa V: (4·2 + 0 + 2·1·(−1))/6 = 6/6 = 1.

Hivyo V ⊗ V = 1 ⊕ ε ⊕ V. Mwite shahidi: 2 × 2 = 4, na 1 + 1 + 2 = 4. Sawasawa.

Usiishie hapo, zidisha tena. V ⊗ V ⊗ V = V ⊕ (ε ⊗ V) ⊕ (V ⊗ V), na ε ⊗ V ni V ileile, kwa hiyo tunapata 1 ⊕ ε ⊕ 3V, ambayo dimensheni yake ni 1 + 1 + 6 = 8. Angalia kwamba safari hii hatukugusa karakta hata kidogo. Ukishazijua kanuni za kuzidisha vitu sahili, kazi yote iliyobaki ni aljebra ya kawaida, na huo mfumo wa aljebra tunauita ringi ya muungano.

Dimensheni zikilingana si inatosha?

Haitoshi. Katika mfano wa juu, 4 ingeweza pia kuwa V ⊕ V, au V ⊕ ε ⊕ ε, na shahidi angekubali zote. Hila ya kuhamisha inakusaidia kuzikataa: V ni mwenza wa V yenyewe, kwa hiyo lazima 1 iwemo, na iwemo mara moja.

Kipimo cha pili kisichohitaji kazi nyingi ni kuhesabu mishale kutoka V ⊗ V kwenda yenyewe. Idadi yake ni jumla ya miraba ya N zote. Kwa S₃ ni (4·4 + 0 + 2·1·1)/6 = 3, na 3 haiwezi kuwa jumla ya miraba ya namba nzima ila kwa 1 + 1 + 1. Kwa hesabu hii moja unajua kwamba vimo vitu vitatu tofauti, kila kimoja mara moja, hata kabla hujajua ni vipi.

Lakini kuna onyo zito zaidi. Hata orodha nzima ya N haiielezi kategoria yote. Kundi D₄ la ulinganifu wa mraba na kundi Q₈ la kwaternioni, yote yakiwa na memba 8, yana jedwali la karakta lilelile: vitu vinne vya dimensheni 1 na kimoja cha dimensheni 2, ambacho mraba wake ni jumla ya vile vinne. Kategoria zenyewe ni tofauti. Mwaka 1998 Daisuke Tambara na Shigeru Yamagami walithibitisha kwamba kwa kanuni hizohizo za kuzidisha zipo kategoria nne kamili. Tofauti imejificha kwenye mishale ya ushirikishi, ile inayounganisha (A ⊗ B) ⊗ C na A ⊗ (B ⊗ C). Ringi ya muungano ni kivuli cha kategoria. Kwa kutenganisha na kwa dimensheni za Frobenius na Perron zitakazokuja chini, kivuli hicho kinatosha.

Kwa SU(2) na SU(3) je?

SU(n) ni kundi la matriksi za unitari za n × n zenye detaminanti 1, na SU(2) ndiyo rahisi kuliko zote. Vitu sahili vinahesabiwa 0, 1, 2, 3 na kuendelea. Kitu m kina dimensheni m + 1. Kuzidisha m na n, anzia kwenye tofauti yao, panda kwa hatua za 2, ishia kwenye jumla yao. Basi 2 ⊗ 3 = 1 ⊕ 3 ⊕ 5, na dimensheni: 3 × 4 = 12 = 2 + 4 + 6. Hii ndiyo kanuni ya Clebsch na Gordan, na wanafizikia huitumia kila wanapojumlisha spini.

Kwa SU(3) kila kitu sahili hutambulishwa na namba mbili (p, q), na dimensheni yake ni (p+1)(q+1)(p+q+2)/2. Kitu (1,1) kina dimensheni 2·2·4/2 = 8. Mraba wake hutengana hivi (hapa kila kitu nakiita kwa dimensheni yake): 8 ⊗ 8 = 1 ⊕ 8 ⊕ 8 ⊕ 10 ⊕ 10* ⊕ 27. Jumla ni 64, kama inavyopaswa. Kilicho kipya hapa ni kwamba 8 imejitokeza mara mbili. Katika SU(2) hilo halitokei kamwe unapozidisha vitu sahili viwili, ndiyo maana aliyezoea SU(2) peke yake huandika 8 mara moja, akakuta 56, akabaki anashangaa. Kwa SU(n) kwa ujumla, tumia kanuni ya Littlewood na Richardson ya mwaka 1934, inayogeuza kazi yote kuwa kujaza visanduku vya michoro ya Young.

Inawezekanaje dimensheni isiwe namba nzima?

Swali hili nalipenda kuliko yote. Kategoria ya Fibonacci ina vitu sahili viwili tu, 1 na τ, na kanuni moja: τ ⊗ τ = 1 ⊕ τ. Dimensheni inatakiwa iheshimu kujumlisha na kuzidisha, kwa hiyo d ya τ lazima itimize d² = 1 + d. Jibu chanya ni d = (1 + √5)/2, takriban 1.618.

Mtu huuliza: sasa ndani ya τ kuna nini, vekta moja na nusu na kidogo? Hakuna vekta ndani yake. Kitu katika kategoria hakilazimiki kuwa nafasi ya vekta. Kinachojulikana juu yake ni mishale yake tu. Maana ya 1.618 inaonekana ukizidisha τ mara nyingi:

τ² = 1 ⊕ τ
τ³ = 1 ⊕ 2τ
τ⁴ = 2·1 ⊕ 3τ
τ⁵ = 3·1 ⊕ 5τ

Namba za Fibonacci zimejitokeza zenyewe. Idadi ya vipande ndani ya τⁿ inakua, na kila hatua inakaribia kuzidishwa kwa 1.618. Kwa hiyo dimensheni ni kasi ya ukuaji: inakuambia ukiendelea kuzidisha kitu kwa chenyewe, vipande vitaongezeka kwa kasi gani. Rudi kwenye S₃ uone kwamba ndivyo ilivyokuwa hata huko. V⁴ ina 1 mara 3, ε mara 3, na V mara 5, na kasi inakwenda kwenye 2.

Kwa vitendo, naikokotoaje dimensheni hiyo?

Andika matriksi ya kuzidisha kwa A: kila safu na kila mstari ni kitu sahili, na kwenye makutano ya B na C weka N(A,B;C). Thamani aigeni (namba ambayo matriksi huizidishia vekta fulani bila kubadili mwelekeo wake) iliyo kubwa kuliko zote ndiyo dimensheni ya A. Thioremu ya Oskar Perron (1907), iliyopanuliwa na Georg Frobenius (1912), inahakikisha kwamba kwa matriksi isiyo na namba hasi, thamani kubwa kuliko zote ipo na ni namba halisi. Ndiyo maana inaitwa dimensheni ya Frobenius na Perron.

Tujaribu na SU(2) ya kiwango cha 4, yaani toleo la SU(2) ambalo orodha ya vitu vyake imekatwa kwenye 4. Vitu sahili ni 0, 1, 2, 3, 4. Kuzidisha kwa kitu 1 kunakupeleka kwa jirani: 1 ⊗ 0 = 1, 1 ⊗ 1 = 0 ⊕ 2, 1 ⊗ 2 = 1 ⊕ 3, 1 ⊗ 3 = 2 ⊕ 4, 1 ⊗ 4 = 3. Chora nukta tano kwenye mstari, kila moja imeunganishwa na jirani zake: mchoro huo ndio matriksi. Sasa unatafuta namba za kuandika kwenye nukta, ili kila nukta ikizidishwa kwa d iwe sawa na jumla ya jirani zake. Anza na 1 kwenye nukta ya kwanza. Ya pili lazima iwe d. Ya tatu ni d² − 1. Mchoro una ulinganifu, hivyo ya nne ni d na ya tano ni 1. Kwenye nukta ya katikati: d(d² − 1) = 2d, kwa hiyo d² = 3. Dimensheni ni 1, √3, 2, √3, 1, na jumla ya miraba yake, inayoitwa dimensheni ya kategoria nzima, ni 12.

Hukutumia kompyuta wala mlinganyo wa kutisha. Matriksi ikiwa kubwa, anza na vekta ya namba 1 tupu, izidishe kwa matriksi mara nyingi, kisha tazama uwiano wa hatua moja na iliyotangulia. Kwa Fibonacci unapata 2, 3/2, 5/3, 8/5, 13/8, na 13/8 tayari ni 1.625. (Kwa mchoro wa nukta tano uwiano utayumbayumba, kwa sababu kila hatua inakutoa nukta za shufwa kwenda za witiri. Chukua hatua mbilimbili, na utauona ukielekea kwenye 3.)

Kiwango k kinakataje orodha ya SU(2)? Hesabu yangu inagoma.

Najua inapogoma, kwa sababu hapo ndipo nilipopotezea siku tatu nzima nilipokuwa naanza. Nilidhani kiwango cha 4 maana yake ni kutumia kanuni ya kawaida kisha kufuta kila kitu kilichozidi 4. Nikaandika 3 ⊗ 3 = 0 ⊕ 2 ⊕ 4, baada ya kufuta 6. Shahidi alikataa: √3 × √3 = 3, ila 1 + 2 + 1 = 4. Nikatafuta kosa kwenye dimensheni, kumbe dimensheni zilikuwa sahihi na kosa lilikuwa kwenye kutenganisha.

Kanuni sahihi ni hii: m ⊗ n huanzia kwenye tofauti ya m na n, hupanda kwa hatua za 2, na huishia kwenye ndogo kati ya m + n na 2k − m − n. Kwa 3 ⊗ 3 ni ndogo kati ya 6 na 2, yaani 2. Jibu ni 0 ⊕ 2.

Sababu yake ni nzuri kuliko kanuni yenyewe. Dimensheni ya kitu j katika kiwango k ni sin((j+1)π/(k+2)) / sin(π/(k+2)). Kwa k = 4, weka j = 5: unapata sifuri. Weka j = 6: unapata −1. Kitu 6 hakifutwi tu. Kinaakisiwa kwenye kioo kilichosimama kwenye 5, kinaangukia kwenye 4 kikiwa na alama ya kutoa, kisha vinafutana. Ukikitupa 6 bila kumtoa 4, umetupa deni na kuacha mali.

Kuna tofauti gani kati ya dimensheni ya Frobenius na Perron na ile ya treisi?

Ya kwanza inategemea namba N peke yake na daima ni chanya. Ya pili hupatikana kwa kuchora kitanzi cha kitu A na mwenza wake na kusoma namba inayotoka. Inahitaji muundo wa ziada kwenye kategoria. Zote mbili zinaheshimu kujumlisha na kuzidisha.

Mlinganyo d² = 1 + d una majibu mawili, na jibu hasi, (1 − √5)/2, yaani takriban −0.618, ni treisi halali ya kategoria iitwayo Yang–Lee. Kanuni za kuzidisha ni zilezile za Fibonacci. Dimensheni ya Frobenius na Perron inabaki 1.618 pande zote mbili. Ya treisi ndiyo inayotofautiana. Ukisoma makala, hakikisha kwanza mwandishi anazungumzia ipi.

Je, namba yoyote inaweza kuwa dimensheni?

La. Inatokana na matriksi ya namba nzima, kwa hiyo ni namba kamili ya kialjebra: jibu la mlinganyo wa namba nzima unaoanza na kigawo 1. Hivyo 3/2 haiwezekani kamwe. Chini ya 2 mambo yanabana zaidi. Zinazoruhusiwa ni 2cos(π/n) tu, n kuanzia 3: yaani 1, √2, 1.618, √3, na kuendelea zikiisogelea 2. Hakuna dimensheni kati ya 1 na √2. Miraba ya namba hizo ndiyo Vaughan Jones alikutana nayo mwaka 1983 alipochunguza faharisi za vifaktandogo, yaani aljebra za waendeshaji zilizomo ndani ya nyingine kubwa zaidi.

Juu ya 2 kuna mambo ya ajabu. Kategoria ya Haagerup ina vitu sahili sita: 1, g, g², ρ, gρ, g²ρ, ambapo g³ = 1, ρg = g²ρ, na ρ ⊗ ρ = 1 ⊕ ρ ⊕ gρ ⊕ g²ρ. Vile vitatu vyenye ρ vina dimensheni moja, kwa hiyo d² = 1 + 3d, na d = (3 + √13)/2, takriban 3.303. Kuwapo kwa kifaktandogo kinachozaa kategoria hii kulithibitishwa na Marta Asaeda na Uffe Haagerup mwaka 1999. Jaribu mwenyewe ρ ⊗ gρ. Sogeza g kushoto, inakuwa g² ⊗ ρ ⊗ ρ, na jibu ni g² ⊕ g²ρ ⊕ ρ ⊕ gρ. Hapa mpangilio una maana: gρ na ρg si kitu kimoja.

Nikijitungia kanuni za kuzidisha, nitapata kategoria?

Mara nyingi hutapata. Chukua vitu viwili, 1 na x, na kanuni x² = 1 ⊕ nx. Ringi ipo kwa kila n. Kategoria zipo kwa n = 0 na n = 1 tu; Victor Ostrik alithibitisha hivyo mwaka 2003. Kwa n = 2 dimensheni ingekuwa 1 + √2, namba isiyo na dosari yoyote, ila mishale ya ushirikishi haipatikani.

Kanuni ya Verlinde inanisaidia nini?

Inageuza njia. Badala ya kutoka kwenye N kwenda kwenye dimensheni, unatoka kwenye matriksi S, jedwali lenye namba moja kwa kila jozi ya vitu sahili, kwenda kwenye N. Erik Verlinde aliitoa mwaka 1988, nayo inafanya kazi katika kategoria za moduli, zile ambazo matriksi S yake inageuzika: N(A,B;C) ni jumla, juu ya kila r, ya S(A,r)·S(B,r)·S̄(C,r)/S(1,r). Kwa Fibonacci, S ina mistari (1, φ) na (φ, −1), yote ikigawanywa kwa kipeuo cha pili cha 1 + φ², ambapo φ ni 1.618. Kwa N(τ,τ;τ) unapata (φ³ − 1/φ)/(1 + φ²) = (4.236 − 0.618)/3.618 = 1. Mstari wa kwanza wa S, usipougawa, ndio dimensheni zenyewe.

Nimesikia kuna kundi kama S₃, lakini la kupanga upya vitu nusu. Ni kweli?

Ni kweli, na haina mzaha. Pierre Deligne, katika makala iliyochapishwa mwaka 2007, alijenga kategoria Rep(S_t), inayoiga uwakilishi wa kundi la kupanga upya vitu t, kwa t yoyote changamano. Ikiwa t si namba nzima isiyo hasi, kategoria ni nusu-sahili, ingawa vitu sahili vyake havina mwisho na hivyo Frobenius na Perron hawana nafasi, tunatumia treisi.

Kitu V cha dimensheni t − 1 hutengana hivi: V ⊗ V = 1 ⊕ V ⊕ A ⊕ B, ambapo A ina dimensheni t(t−3)/2 na B ina (t−1)(t−2)/2. Weka t = 1/2. V ni −1/2, A ni −5/8, B ni 3/8. Jumla: 1 − 1/2 − 5/8 + 3/8 = 1/4, ambayo ni mraba wa −1/2. Hesabu imefunga.

Sasa weka t = 3. A inakuwa 0 na B inakuwa 1. Zinabaki 1, V, na kitu kimoja cha dimensheni 1, na hicho ni ε yetu ya S₃. Kwenye t = 3 kategoria ya Deligne si nusu-sahili tena, lakini ukiviua vitu vyenye treisi tupu unabaki na uwakilishi wa S₃ tuliouhesabu kwa karakta.

Programu gani nitumie?

GAP kwa jedwali za karakta za makundi, na SageMath kwa makundi ya Lie (kama SU(2) na SU(3)) na ringi za muungano za viwango. Zote ni za bure. Lakini usizifungue mpaka umefanya S₃ na kiwango cha 4 kwa mkono. Programu itakupa jibu hata ukiiuliza swali lisilo lako.

Nusu-sahili ikikosekana, nini kinaharibika?

Kuhesabu kunapoteza habari. Chukua kundi lenye memba 2, juu ya uga wenye namba 0 na 1 pekee. Thioremu ya Maschke, inayohakikisha nusu-sahili kwa uwakilishi wa makundi, haifanyi kazi hapa, kwani 2 ni sifuri na huwezi kugawa kwayo. Uwakilishi P wa dimensheni 2, ambamo kundi linabadilishana vekta mbili za msingi, una vipande viwili vya 1 ndani yake lakini haugawanyiki kuwa 1 ⊕ 1, vipande vimeshikana. Na P ⊗ P = P ⊕ P. Ukihesabu vipande tu utasema "ni 1 mara nne", na dimensheni itakubali, wakati hakuna hata 1 moja inayoweza kusimama peke yake humo.

Haya yote yanatumika wapi nje ya hisabati?

Katika fizikia ya enioni, chembe za ulimwengu bapa ambazo zikikutana huungana kwa kanuni kama τ ⊗ τ = 1 ⊕ τ. Ukiwa na enioni n za aina ya τ, zote kwa pamoja zikiwa na jumla ya 1, idadi ya hali huru za mfumo ni dimensheni ya Hom(1, τⁿ). Tazama tena orodha ya τ²  hadi τ⁵ hapo juu: ni 1, 1, 2, 3. Mwaka 2002 Michael Freedman, Michael Larsen na Zhenghan Wang walionyesha kwamba kwa kusuka enioni za SU(2) ya kiwango cha 3, ambamo kitu 2 ni τ yetu, unaweza kutekeleza hesabu yoyote ya kompyuta ya kwantumu. Enioni 6 zina hali huru ngapi? Endeleza orodha hatua moja: τ⁶ = 5·1 ⊕ 8τ, hivyo ni 5.